Godoro la Mpira kwa Mgonjwa wa Nyumbani: Maswali ya Kumuuliza Mtengenezaji

Msimu wa kahawa unapomalizika katika nyanda za Mbinga, na malipo yanapowafikia wakulima kupitia AMCOS zao, maduka ya mjini hujaza magodoro hadi barazani. Baadhi yake hubaki Mbinga; mengine hupakiwa juu ya magari yanayoteremka kwa barabara ya lami hadi Mbamba Bay, na kutoka huko hufika Liuli, Lituhi na vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni wakati huohuo ambapo familia yenye mgonjwa wa kitandani, awe amepooza kwa kiharusi, amevunjika nyonga au ni mzee asiyeweza kujigeuza, huamua kumnunulia “godoro la mpira”. Familia hiyo imeambiwa kwamba godoro hilo huondoa maumivu ya mgongo, huzuia vidonda na hudumu miaka ishirini. Bei yake ni kubwa kuliko ya godoro la kawaida kwa kiasi cha kumfanya mwenye nyumba aahirishe kuezeka. Ikiwa kilichouzwa sicho kilichosemwa, fedha ya mavuno imekwenda, na mgonjwa amelazwa juu ya kitu kitakachobonyea kabla ya mvua kukatika.

Muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii huulizwa mara kwa mara: “Tununue lipi?” Si kazi yao kutaja duka wala chapa. Wanachoweza kufanya ni kuifundisha familia namna ya kupata taarifa za kweli kutoka kwa yule aliyelitengeneza godoro, kwa kuwa muuzaji wa dukani, hata akiwa mwaminifu, aghalabu hurudia tu yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na mzigo.

Tuanze na kitu chenyewe. Mpira asilia hutokana na utomvu mweupe wa mti uitwao kitaalamu Hevea brasiliensis. Kusini mwa Tanzania palijulikana kwa mpira tangu zamani, ingawa si wa mti huo: mwishoni mwa karne ya 19 mpira wa mwitu uliogemwa kwenye mitambaazi ya porini ulikuwa bidhaa kubwa ya misafara iliyoelekea Kilwa na Lindi. Mashamba ya Hevea yaliyopo nchini, yaani Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero, yalikusudiwa zaidi kulisha kiwanda cha matairi cha Arusha. Viwanda vyetu vya magodoro kwa sehemu kubwa humimina sponji ya poliyurethani, ambayo ni zao la kemikali za mafuta ya petroli na haina utomvu wowote wa mti. Kwa hiyo kiini cha godoro la mpira halisi kinachouzwa Mbinga kwa kawaida kimetoka mbali, katika nchi kama Sri Lanka, India, Malaysia au Thailand, na jina la kampuni lililoshonwa kwenye kitambaa laweza kuwa la aliyeshona kava tu. Hapo ndipo swali la kwanza linapozaliwa: nani aliyetengeneza kiini, na katika nchi gani?

Utomvu hugeuzwa kuwa godoro kwa njia mbili kuu. Ya kwanza, iliyobuniwa katika maabara za kampuni ya Dunlop nchini Uingereza mwaka 1929, ni kuupiga utomvu mpaka utoe povu, kulimimina povu hilo katika umbo na kuliivisha kwa joto pamoja na salfa. Ya pili huitwa Talalay: umbo hujazwa nusu tu, hewa hunyonywa ili povu litanuke, kisha hugandishwa kwa baridi kali kabla ya kuivishwa. Godoro la Dunlop huelekea kuwa zito na gumu zaidi, hasa upande uliokuwa chini wakati wa kumiminwa. La Talalay huwa na vitundu vinavyolingana zaidi. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti nyingine ambayo wauzaji huipita haraka, nayo ni ya mpira wa mti na mpira wa kiwandani.

Upo mpira wa kutengenezwa kwa kemikali, unaoitwa kwa kifupi SBR, ambao nao humiminwa kuwa povu na nao huitwa “lateksi”. Mtengenezaji aweza kuchanganya sehemu kubwa ya huo na sehemu ndogo ya utomvu wa mti, akaongeza unga wa chokaa au udongo laini ili kuongeza uzito, na bado akaandika “lateksi asilimia 100”. Kwa maana fulani hasemi uongo, maana kila kipande ni povu la lateksi. Lakini mnunuzi amesoma “mpira wa mti asilimia 100”. Vivyo hivyo, maneno “lateksi asilia” huweza kuandikwa juu ya godoro ambalo inchi moja ya juu ndiyo lateksi na inchi tano za chini ni sponji ya kawaida. Neno “lina lateksi” na neno “ni lateksi” hutofautiana kwa bei ya mbuzi kadhaa.

Kwa bahati njema, katika udanganyifu huu mmoja, Mbinga ina kifaa cha kuupima kilichotapakaa kuliko mikoa mingi: mizani ya kahawa. Povu la mpira ni zito. Mita moja ya ujazo ya godoro la lateksi kwa kawaida huwa na kilo 60 hadi 95, ilhali sponji ya poliyurethani ya magodoro ya nyumbani huwa kati ya kilo 15 na 35 hivi. Chukua uzito wa godoro kwa kilo, uzidishe kwa 424, kisha ugawanye kwa upana wa futi mara urefu wa futi mara unene wa inchi. Jibu ni msongamano, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye inchi 6 na uzito wa kilo 10 litatoa 4,240 kugawanya kwa 180, ambayo ni karibu 24. Hiyo ni sponji, tena si mbaya. Lakini si mpira, hata likiwa na picha ya mti kwenye kava. Godoro la ukubwa huohuo la lateksi tupu halitapungua kilo 25, na mara nyingi litahitaji watu wawili kulibeba. Likiwa na kilo 12 au 13, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ile tabaka ya inchi moja juu ya sponji. Uzito mkubwa peke yake hauthibitishi kwamba mpira umetoka kwenye mti, kwa sababu chokaa nayo ina uzito, lakini uzito mdogo huthibitisha kwamba mpira haupo au ni kidogo.

Hesabu hii hufaa hata kwa asiyekuwa na nia ya kununua lateksi. Maneno “sponji nzito” na “HD” hayana maana mpaka yafuatwe na namba, na wakulima waliozoea kusimamia mizani ya chamani wanajua jambo hili kuliko mwandishi wa makala.

Sasa tuje kwenye kumwandikia mtengenezaji. Namba ya simu au anwani ya barua pepe ya kiwanda aghalabu imo kwenye lebo. Isipokuwemo, mwombe muuzaji akupe ya wakala aliyemletea mzigo, na ikiwa hata wakala hajulikani, tayari umepata taarifa muhimu. Andika, usipige simu pekee, kwa sababu maneno ya simu hayashikiki baadaye. Ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye heshima unatosha. Waweza kuwa hivi:

“Ndugu Meneja Mauzo, nawasalimu kutoka Mbinga. Nakusudia kununua godoro lenu lenye jina na namba kama zinavyoonekana kwenye picha ya lebo niliyoambatisha, kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Naomba kujua: kila tabaka la godoro limetengenezwa kwa kitu gani na lina unene wa inchi ngapi, katika tabaka la lateksi, utomvu wa mti ni asilimia ngapi na wa kiwandani ni asilimia ngapi, msongamano wa kila tabaka ni kilo ngapi kwa mita ya ujazo, ugumu wake umepimwa kuwa namba gani, kiini kimetengenezwa na nani, nchi gani na lini, na dhamana yenu inahusu nini hasa. Naomba pia nakala ya vyeti mnavyovitaja. Natanguliza shukrani.”

Swali la ugumu huwashangaza wengi, lakini viwanda hulijua. Sponji hupimwa kwa kuibonyeza kwa bamba la duara hadi unene wake upungue kwa asilimia iliyowekwa, kama vile 25 au 40, na nguvu iliyotumika huandikwa kwa namba. Msongamano na ugumu ni vitu viwili tofauti: sponji nyepesi yaweza kufanywa ngumu kwa kemikali, ikaonekana imara dukani, kisha ikafa katikati baada ya miezi michache. Ndiyo maana kulikalia godoro dukani kwa dakika moja, kama tunavyofanya sote, hutupa hisia ya ugumu bila kutuambia lolote kuhusu uhai wake.

Majibu yatakayorudi yasomwe kwa makini. “Godoro letu ni bora na limependwa na wateja wengi” si jibu kwa swali lolote kati ya hayo. “Asilimia 100 lateksi” inahitaji swali la pili: ya mti, au mchanganyiko? “Dhamana ya miaka kumi” nayo inahitaji swali la pili, kwa kuwa dhamana nyingi huhusu kubonyea kulikozidi kina kilichotajwa, huondolewa godoro likilowa au likiwekwa juu ya chaga zilizoachana mno, na humtaka mteja alirudishe kiwandani kwa gharama yake. Kutoka Liuli hadi Dar es Salaam gharama hiyo yaweza kumeza faida yote ya dhamana. Mtengenezaji anayesema wazi, “Tabaka hili ni mchanganyiko, asilimia 30 ya mti na 70 ya kiwandani,” anastahili kuaminiwa zaidi ya yule anayetuma picha kumi za msitu. Mchanganyiko si kitu kibaya. Kinachoumiza ni kulipia kisichokuwemo. Asiyejibu kwa wiki mbili, akakumbushwa na bado asijibu, hakuna haja ya kumsubiri mgonjwa akiwa mkekani.

Kuhusu alama na vyeti, mkanganyiko ni mkubwa hata miongoni mwetu watumishi wa afya. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huonyesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango kilichowekwa kwa aina yake. Ni vema kuitafuta, lakini haigeuzi godoro kuwa tiba. ISO 9001 huhusu namna kiwanda kinavyoendesha shughuli zake, wala si cheti cha godoro. OEKO-TEX Standard 100 huhusu upimaji wa kemikali zenye madhara. GOLS ni cha lateksi ya kilimo hai, na hudai kwamba angalau asilimia 95 ya malighafi ya mpira iwe imethibitishwa hivyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba godoro litazuia vidonda au kuponya mgongo. Kila cheti cha kweli kina namba, jina la mwenye cheti na tarehe ya kuisha, na watoaji wakubwa huruhusu namba hiyo kuhakikiwa kwenye tovuti zao. Angalia kama jina lililomo ni la aliyetengeneza kiini chako au la kampuni nyingine kabisa.

Neno “othopedik” lisimtishe wala lisimvutie mtu. Kila kiwanda kinaweza kulichapa kwenye kava. Mtengenezaji anayedai kwamba godoro lake hutibu au huzuia ugonjwa aulizwe kama amelisajili kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kama kifaa tiba, na atoe namba ya usajili. Wengi watarudi nyuma kwenye neno “huleta usingizi mwanana”, ambalo halina ubishi.

Tiba yenyewe inasema nini? Kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, jarida la The Lancet lilichapisha mwaka 2003 utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro yenye ugumu wa wastani walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliolalia magumu. Hilo linapingana na ushauri wa zamani, ambao bado twausikia wodini, wa kumlaza kila mwenye mgongo juu ya ubao. Lakini watafiti hao walitumia magodoro yaliyopimwa ugumu kwa kipimo cha Ulaya chenye namba 1 hadi 10. Bila namba ya mtengenezaji, “wastani” wa duka moja ni “gumu” la duka la pili.

Kuhusu vidonda vya kulalia, suala ni zito zaidi. Kidonda huanza pale mfupa, hasa wa kitako, wa nyonga na wa kisigino, unapoibana nyama dhidi ya kitanda hadi damu ishindwe kupita. Godoro nene la povu zuri, la lateksi au la sponji, hutawanya uzito na kupunguza mbano huo, lakini halimgeuzi mgonjwa. Ratiba ya kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili au kadiri muuguzi atakavyopanga, hubaki palepale. Kadhalika ngozi kuwa kavu, chakula chenye protini, na visigino kuinuliwa visiguse godoro. Kuna jaribio ambalo ndugu yeyote anaweza kulifanya. Ikiwa mgonjwa amewekewa tandiko la povu juu ya godoro la zamani, ingiza kiganja chini ya tandiko hilo, usawa wa kitako chake. Ukiuhisi mwili wake umekaribia mkono kiasi kwamba povu lililobaki kati halifiki inchi moja, tandiko limekwisha kazi. Na kava liangaliwe. Reksini ngumu au nailoni iliyotandazwa ili kuzuia mkojo hufuta sehemu kubwa ya faida ya povu, kwa kuwa hainyumbuki na huikusanya joto na jasho chini ya ngozi. Mwulize mtengenezaji kama ana kava lisilopitisha maji lakini linalonyumbuka, na bei yake. Kwa fedha chache, sponji ya msongamano mzuri yenye kava la namna hiyo humfaa mgonjwa kuliko lateksi ya gharama iliyofungwa ndani ya reksini.

Kwa mtoto mchanga, maswali haya yote si ya lazima: alale juu ya sehemu tambarare na ngumu kiasi, chali, bila mito. Godoro laini, la aina yoyote, ni hatari kwa pumzi yake.

Jambo lisilotajwa kwenye karatasi za mauzo ni mzio wa mpira. Utomvu wa Hevea una protini ambazo kwa baadhi ya watu huamsha kinga ya mwili kwa ukali: vipele vya kuwasha, mafua, kubanwa kifua, na mara chache kuanguka kwa shinikizo la damu. Watumishi wa afya waliovaa glovu za mpira kwa miaka mingi ni miongoni mwa walio hatarini, hasa glovu zenye unga, ambazo Marekani ilizipiga marufuku kuanzia Januari 2017. Walio hatarini zaidi ni watoto waliozaliwa na mgongo wazi, kwa sababu ya upasuaji wa mara nyingi na mipira ya mkojo. Kuna dalili moja ambayo katika wilaya yenye migomba na miparachichi kila upande yafaa iulizwe kwa makusudi: baadhi ya wenye mzio huu huwashwa mdomo au koo wanapokula ndizi, parachichi au papai, kwa kuwa protini za matunda hayo hufanana na za mpira. Godoro la lateksi huoshwa kiwandani na huwa limefunikwa, hivyo hatari yake ni ndogo kuliko ya glovu. Hata hivyo, mwenye historia ya namna hiyo asilinunue kabla ya kumwona daktari, na mtengenezaji asitegemewe kumpa ruhusa. Neno “asilia” hapa si kinga. Protini inayosumbua ni ya asili kabisa. Wapo pia wanaopata ukurutu wa taratibu kutokana na kemikali za kuivishia mpira, na hao waweza kusumbuliwa hata na mpira wa kiwandani.

Hali ya hewa ya kwetu nayo iingie katika maswali. Usiku wa Juni na Julai katika milima ya Wamatengo hufanya sponji ile iitwayo “ya kumbukumbu” iwe ngumu kama ubao mpaka joto la mwili liilainishe, ilhali lateksi hubadilika kidogo tu. Ufukweni kuna joto na unyevu, na godoro lolote lililolazwa sakafuni huota ukungu upande wa chini. Liwekwe juu ya chaga zisizoachana zaidi ya inchi tatu, ili hewa ipite na povu lisizame.

Na akina mama wa nyumba waambiwe mapema: desturi yetu njema ya kuanika godoro juani haifai kwa lateksi. Mionzi ya jua huukausha mpira, ukapasuka na kumeguka kama mkate mkavu, na baadhi ya dhamana huondolewa kwa sababu hiyohiyo. Lipunge hewa kivulini, likiwa na kava lake. Stakabadhi ya EFD, picha ya lebo na mazungumzo yote na kiwanda vitunzwe pamoja na kadi ya kliniki ya mgonjwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina na ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Lalamiko lenye uzito wa godoro uliopimwa kwenye mizani na jibu la kiwanda lililoandikwa husikilizwa tofauti na lile la maneno matupu.